Kiburi Huvunja Kikundi, Unyenyekevu Hukijenga



Kikundi kinaweza kuwa na pesa benki, shamba zuri na mashine nzima, na bado kife. Mara nyingi hakiuliwi na ukame. Kinauliwa na neno moja dogo sana, "mimi". Ndiyo maana safari hii tunaongea juu ya kiburi na unyenyekevu. Watu wengine hufikiri hayo ni mambo ya kuhubiriwa Jumapili tu. Sivyo. Ni mambo ya daftari, ufunguo na zamu ya maji.

MFANO WA KARIBU

Tuchukue kikundi cha wakulima hapa Rhamu, kando ya mto Daua. Watu kumi na tano wanachanga, wananunua mashine ya kuvuta maji, wanapanda vitunguu, nyanya na tikiti. Mwaka wa kwanza kila mtu anasema "mashine yetu". Mavuno yakija vizuri, mmoja anaanza: "Bila mimi hii mashine ingetoka wapi? Si mimi ndiye nilienda kuongea na wafadhili?" Polepole ufunguo unalala kwake. Daftari linalala kwake. Zamu yake ndiyo ya kwanza, ya wajane ni ya mwisho, wakati mto umebaki mchanga. Mtu akiuliza pesa ya dizeli ilienda wapi, anajibiwa, "Kwani hamniamini?" Mkisikia jibu hilo mkutanoni, jueni kiburi kimeshaingia na kimeketi kwenye kiti.

Na hebu tujiulize, maji ya Daua yaliletwa na nani? Mto unatoka milima ya Ethiopia. Mvua ikinyesha huko, sisi huku tunaona maji yamejaa. Ikikosa, tunachimba mchanga. Hakuna mwenyekiti aliyeuleta. Mtume Paulo aliwauliza Wakorintho ni kitu gani walichokuwa nacho ambacho hawakupewa (1 Wakorintho 4:7). Swali hilo lafaa kuulizwa kila mkutano kabla ya hesabu kusomwa.

KIBURI NI NINI HASA?

Kiburi si kufurahia kazi yako. Mama aliyevuna magunia mengi ana haki ya kufurahi na kumshukuru Mungu. Kiburi ni kusahau kwamba ulipewa, halafu kumwangalia mwenzako kwa chini. Yule Farisayo wa Luka 18 hakusema uongo. Kweli alifunga, kweli alitoa sehemu ya kumi. Kosa lake ni kwamba alisimama mbele ya Mungu akiwa anampima jirani yake.

Unyenyekevu nao si kujidharau, wala si kuongea kwa sauti ndogo na kuinamisha kichwa. Kuna watu huinamisha kichwa mkutanoni, kumbe moyoni wamesimama wima! Mnyenyekevu ni mtu anayejua ukweli wake: hiki naweza, hiki siwezi, hapa nahitaji wenzangu. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

MFALME ALIYECHIMBA VISIMA

Katika Biblia yuko mfalme ambaye wafugaji na wakulima wangempenda sana. Ni Uzia, mfalme wa Yuda (2 Mambo ya Nyakati 26). Alianza kutawala akiwa kijana wa miaka 16. Alichimba visima vingi nyikani kwa sababu alikuwa na mifugo mingi, na alipenda ukulima. Leo tungesema ni mtu wa maendeleo.

Lakini alipopata nguvu, moyo wake uliinuka. Akaingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi ambayo ilikuwa ya makuhani. Kuhani Azaria na wenzake 80 walimfuata wakamwambia atoke. Badala ya kusikia, alikasirika. Pale pale ukoma ukamtoka kwenye paji la uso. Akaishi katika nyumba ya peke yake mpaka kufa, na mwanawe akashika kazi.

Tujifunze mambo matatu. Kwanza, kiburi kilimjia wakati wa mafanikio, si wakati wa shida. Kikundi kiwe macho zaidi mwaka wa mavuno. Pili, visima vyake vilikuwa vizuri. Kazi nzuri haimpi mtu ruhusa ya kushika kazi za wote. Tatu, alionywa. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi, lakini hasira iliufunga.

MWANAMKE ALIYEKAA NA WAGONJWA WA WAJIR

Uzia alimaliza maisha yake ametengwa na watu. Hapa kwetu Kaskazini Mashariki aliishi mtu aliyewafuata waliotengwa na watu. Jina lake Annalena Tonelli. Alizaliwa Italia mwaka wa 1943, akafika Kenya mwaka wa 1969. Hakuwa mtawa, hakuwa daktari. Alisomea sheria. Wajir alikuja kama mwalimu.

Wakati huo kifua kikuu, ile TB, kilikuwa kinaua watu wengi, na kilikuwa aibu kubwa. Mgonjwa alifichwa. Tena matibabu yalikuwa ya muda mrefu, mwaka mzima na zaidi. Mfugaji anawezaje kulala hospitali mwaka mzima huku ngamia wanahama? Alikuwa akipata nafuu kidogo anaondoka, ugonjwa unarudi na nguvu zaidi. Rahisi ilikuwa kusema, "Hawa watu wa kuhamahama hawasikii." Hicho ni kiburi cha mtu mwenye elimu. Akishindwa, analaumu waliokuja kusaidiwa.

Mwaka wa 1976 Annalena alianza kusimamia mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani hapo Wajir. Wagonjwa walikaribishwa kujenga vibanda vyao wenyewe, vya fito na mikeka kama walivyozoea, mahali pamoja. Hapo pakaitwa TB Manyatta. Dawa zilimezwa mbele ya msimamizi kila siku, na matibabu yakafupishwa kuwa miezi sita. Mgonjwa hakuambiwa aache kuwa mfugaji ndipo apone. Baadaye, katika miaka ya 1990, njia ya kumeza dawa mbele ya msimamizi ilienezwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi nyingi.

Mnaona? Unyenyekevu wake haukuwa sura ya uso. Ulikuwa njia ya kufanya kazi. Alikaa chini, akauliza watu wanaishije, ndipo akapanga. Aliishi maisha ya kimasikini, hakupenda kutangazwa, na aliishi na Waislamu kwa heshima bila kuficha kwamba anamfuata Yesu.

UNYENYEKEVU SI WOGA

Wengine watasema, "Basi mnyenyekevu anyamaze tu." Hapana. Mwezi wa Februari 1984 askari walikusanya wanaume wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir. Walikaa siku kadhaa bila maji wala chakula, na wengi sana waliuawa. Mpaka leo idadi kamili inabishaniwa. Annalena alikwenda kuokota majeruhi na kusaidia kuzika maiti, na alihakikisha habari inatoka nje. Baada ya hayo ilimlazimu kuondoka Kenya. Akaendelea na kazi ile ile Somalia, na mwisho Borama. Mwaka wa 2003 Umoja wa Mataifa ulimpa tuzo ya Nansen ya kuwahudumia wakimbizi. Tarehe 5 Oktoba mwaka huo huo alipigwa risasi hapo Borama, akafa.

Kwa hiyo mwanakikundi anayeuliza hesabu kwa heshima hana kiburi. Anayekataa kuulizwa ndiye mwenye kiburi.

KUKUBALI KUSAIDIWA

Kuna kiburi kingine kimejificha, nacho ni cha mtu anayetaka kutoa tu, hataki kupokea. Sisi Wakristo tunaokuja kufanya kazi Mandera, walimu, wauguzi na wengine, tunaweza kufikiri tumekuja kufundisha tu. Tukumbuke tarehe 21 Desemba 2015. Basi la kwenda Mandera lilishambuliwa karibu na El Wak, na washambuliaji wakataka Wakristo watengwe. Abiria Waislamu walikataa. Akina mama waliwapa wenzao mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi katika tukio hilo, akafariki mwezi wa Januari 2016. Mkristo aliyeokolewa na jirani yake atajivuna juu ya nini? Petro naye hakutaka kuoshwa miguu, lakini Bwana alimwambia lazima akubali (Yohana 13).

MAMBO YA KUFANYA KIKUNDINI

1. Ufunguo, daftari na stakabadhi visikae kwa mtu mmoja. Hata mtu mwaminifu anahitaji kulindwa na majaribu.

2. Hesabu isomwe kwa sauti mbele ya wote, kwa lugha wanayoielewa wote. Asiyejua kusoma ana haki sawa na mwenye digrii.

3. Mwenyekiti aongee mwisho. Akianza yeye, wengine watasema "ndiyo mzee" tu, na mawazo yao yatabaki nyumbani.

4. Kiongozi naye ashike jembe na kusafisha mfereji kwa zamu. Bwana wetu alishika karai na taulo.

5. Mkubwa akikosea, aambiwe kwanza faraghani kwa heshima (Mathayo 18:15). Asiposikia, waende wawili au watatu. Msianze na chifu.

6. Muda wa kiongozi ukiisha kwa katiba yenu, apewe asante na akae na wanachama. Kukaa chini si kushushwa.

MASWALI YA KUJADILIANA

– Katika kikundi chetu, ni neno gani husikika zaidi, "yangu" au "yetu"?
– Nani huwa haongei mkutanoni? Anaogopa nini?
– Mwaka huu tulipanga jambo gani bila kuwauliza wale wanaohusika?
– Ni nani alitusaidia na hatujarudi kumshukuru?

Kiburi si maungwana, na mpanda ngazi hushuka. Afadhali tushuke wenyewe mapema, tukae na wenzetu chini ya mti, kabla hatujashushwa. Mungu abariki kazi ya mikono yenu.