Volti 240 Zaonekana, Lakini Pampu Haizunguki

Jambo moja huwatatiza wakulima wengi walioingiziwa umeme mashambani. Pampu iliyo kisimani hunguruma bila kuzunguka, na mota yake hupata moto. Fundi akiitwa huifungua pampu, huigusisha mita yake kwenye ncha za waya, nayo huonyesha volti 240, kipimo cha kawaida cha umeme wa nyumbani katika Kenya. Basi husema, "Umeme upo, pampu ndiyo iliyokufa." Mwenye shamba hununua pampu nyingine kwa fedha nyingi, na hiyo mpya nayo hunguruma vile vile.

Mita haikusema uwongo, ila iliulizwa swali lisilofaa.

Volti, ambazo jina lake latokana na Alessandro Volta, Mwitaliano aliyetengeneza betri ya kwanza mwaka 1800, ni kipimo cha msukumo wa umeme. Wingi wa umeme upitao hupimwa kwa amperi. Mfikirie mtu mwenye tangi la maji kilimani na mpira mwembamba, mrefu, ushukao mpaka bustanini. Akiuziba mpira kwa kidole huona msukumo mkubwa, kwa kuwa maji yamesimama. Akikiondoa kidole, maji hutoka kwa unyonge, kwani msukumo umeliwa na wembamba wa mpira. Mita ya fundi ni kama kile kidole: hupitisha umeme kidogo mno, kwa hiyo hakuna kinachopotea njiani, hata waya uwe mbovu namna gani.

Mjerumani Georg Simon Ohm aliitangaza hesabu ya jambo hili mwaka 1827: volti zinazopotea ni amperi mara uzuiaji wa waya, uzuiaji huo ukipimwa kwa omu. Tuseme kisima kiko meta 100 kutoka nyumbani, na waya uliotumika ni wa shaba wa milimita za mraba 1.5, kama ule wa taa. Kwenda na kurudi ni meta 200, na uzuiaji wake ni karibu omu 2.4. Pampu ikivuta amperi 10, volti 24 hupotea. Lakini mota inapoanza huvuta mara kadhaa ya hizo. Zikifika amperi 30, hupotea volti 73 hivi, na pampu hupata 167 tu. Tena nguvu ya mota ya namna hii hupungua upesi kuliko volti zenyewe: kwa volti 167 haibaki hata nusu yake. Mota ikishindwa kuzunguka huendelea kuvuta umeme mwingi mpaka iungue. Kwa waya wa milimita za mraba 6, zile amperi 10 zingepoteza volti 6 tu. Waya mnene ni ghali, lakini hununuliwa mara moja.

Kwa hiyo kipimo chenye maana huchukuliwa penye pampu yenyewe, ikiwa imefungwa na inajaribu kuanza. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni, maana waya zote wakati huo zina umeme. Betri ya gari hupimwa kwa desturi hiyo hiyo: ikipumzika huweza kuonyesha volti 12.6, kisha mwenye gari akiwasha injini zikaanguka chini ya 9.

Liko pia kosa la upande wa pili. Mita za siku hizi zenye tarakimu ni nyepesi mno kuhisi, hata waya usiofungwa popote, ukiwa umelala kando ya waya wenye umeme, huweza kuonyesha volti nyingi zisizoweza kuwasha taa. Mtu huhangaika kutafuta hitilafu isiyokuwapo.

La hatari zaidi ni mita isiyoonyesha kitu. Huenda umeme haupo. Au huenda waya wa mita umekatika ndani. Fundi mwangalifu huijaribu kwanza mita yake mahali anapojua pana umeme, kisha huupima waya anaotaka kuushika, halafu huirudisha mita pale pa kwanza kuona kama bado i hai. Asipofanya hivyo, usimruhusu mwanao kumshikia waya.