Alama ya Samaki Ayu katika Maandishi ya Kijapani: Asili na Maana

Katika maandishi ya Kijapani, alama 鮎 husomwa ayu, nayo humtaja samaki mdogo wa mitoni anayesifiwa kwa harufu yake nzuri. Katika Kichina, ambamo alama hiyo ilikuwamo tangu kale, humtaja kambare. Samaki hao hawafanani hata kidogo: ayu ana magamba madogo sana na hula mwani unaoota juu ya mawe, ilhali kambare hana magamba na ana sharubu. Yafaa kuuliza ni vipi umbo moja lilikuja kubeba maana mbili zilizo mbali kiasi hicho.

Alama hiyo ina sehemu mbili. Kushoto ni 魚, yaani 'samaki', inayoonyesha jamii ya kitu kinachotajwa. Kulia ni 占, ambayo ikisimama peke yake huwa na maana ya 'kupiga ramli' na pia 'kushika mahali na kupamiliki'. Hapa ndipo etimolojia ya kienyeji ilipopata mlango. Maelezo yapendwayo zaidi hurejea kisa cha Malkia Jingu kilichomo katika Nihon Shoki, tarihi iliyokamilishwa mwaka 720. Kabla ya kwenda vitani ng'ambo, malkia alikunja sindano ikawa ndoana, akatia punje za wali kuwa chambo, akaomba samaki aume iwapo safari yake ingefanikiwa. Akanasa ayu. Basi ayu, husemwa, ni samaki wa ramli. Wengine hushika maana ya pili: ayu hulinda kipande chake cha mto na kumshambulia mwenziwe anayekiingilia, tabia ambayo wavuvi huitumia kwa kumfunga ayu hai kwenye mshipi ili mwenye eneo amvamie na kunaswa.

Maelezo hayo yanavutia, lakini lile la kwanza lina kasoro kubwa. Katika kisa chenyewe Nihon Shoki haitumii 鮎; samaki aliyenaswa ameandikwa kwa alama tatu, 細鱗魚, 'samaki wa magamba madogo'. Kojiki ya mwaka 712, ambayo nayo husimulia uvuvi wa malkia huyo, huandika 年魚, 'samaki wa mwaka', kwa kuwa ayu huishi takriban mwaka mmoja. Lau kisa ndicho kilichozaa alama, ingetazamiwa ionekane hapo kwanza. Tena, katika Kichina sehemu ya 占 imewekwa kwa ajili ya matamshi tu. Kambare hana ramli yoyote.

Baada ya ayu kulitwaa umbo hilo, kambare wa Kijapani alihitaji jingine. Wajapani wakaunda 鯰, ambayo sehemu yake ya kulia, 念, husomwa nen na hivyo kuhifadhi mwangwi wa matamshi ya Kichina. Hata hivyo, matumizi ya zamani hayakufa mara moja miongoni mwa wasomi wa Kichina. Mchoro maarufu wa Josetsu, wa mnamo mwaka 1415, uliomilikiwa na hekalu la Taizo-in mjini Kyoto, unamwonyesha mtu anayejaribu kumkamata kambare kwa kibuyu, na jina la mchoro huo limeandikwa kwa 鮎. Msomaji wa Kijapani asiyeijua historia hii hutazamia kumwona ayu, akakutana na sharubu.