Kisukari na Sisi (4): Sindano iliyosingiziwa

Siku ya Kisukari Duniani huadhimishwa tarehe 14 Novemba, na lawama huwa ile ile kila mwaka: wagonjwa hawafuati matibabu. Tarehe hiyo ndiyo aliyozaliwa Frederick Banting, mmoja wa wagunduzi wa insulini, mwaka 1891, na anayetaka kuelewa kwa nini mtu wa Msambweni huikimbia sindano ya sukari hana budi kuanzia kwake.

Kazi ya kongosho, kama tulivyokwisha kueleza, ni kutoa insulini inayodhibiti sukari ya damu. Kabla ya 1922, mtoto ambaye kongosho lake limeacha kutoa insulini alikuwa akihesabiwa siku. Huko New York, Dkt. Frederick Allen aliwanyima wagonjwa chakula hadi wakabaki ngozi na mifupa, ili wajaliwe miezi michache zaidi. Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, alilazwa Toronto akiwa na kilo 30 hivi. Alidungwa insulini tarehe 11 Januari 1922. Dawa ilikuwa chafu, akaota jipu. James Collip, mwenzake Banting, akaisafisha upya, na tarehe 23 alipodungwa tena sukari ikashuka. Akaishi miaka 13 zaidi. Wagunduzi wale waliuza haki zao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja. Waungwana wa namna hiyo wako wapi leo, wakati kuna mgonjwa anayepunguza dozi ili chupa isimwishie?

Basi sindano ilianza kwa kumtoa mtu kaburini. Huku kwetu, Diani hadi Msambweni, sifa yake ni kinyume: "Fulani alianzishwa sindano, mwezi haukwisha akakatwa mguu." Wasemao hivyo hawasemi uongo; wameona. Lakini wengi huanzishwa insulini maji yamekwisha kuzidi unga, kidonda kimeoza, na sindano ikabebeshwa dhambi ya kuchelewa. Vidonge navyo huachwa kwa kuwa sukari ikipanda aghalabu haiumi. Mtu hujiona mzima, akahamia mwarobaini. Ongeza nauli ya kliniki, na nyumba isiyo na friji, ingawa mtungi wa maji uliowekwa kivulini, chupa ikiwa ndani ya mfuko usiopenya maji, husaidia kuikinga na joto la pwani.

Tukemee kidogo, tuulize zaidi. Mhudumu anayemtisha mgonjwa, "Usipoacha chai tamu nitakuanzishia sindano," ndiye anayeipanda hofu hii, kisha hushangaa inapoota.

Sehemu ijayo: mgonjwa wa sukari na saumu ya Ramadhani.