Habari Imetoka Wapi?

Sote tunaijua radio trottoir: habari inapita toka mdomo hata mdomo, na jioni hakuna tena ajuaye nani aliyeianzisha. Kwa hiyo watu wenye akili hutuambia: «Ngojeni kwanza gazeti.» Shauri hili si baya. Gazeti lina jina, lina mkubwa wake, na likisema uongo linaweza kushitakiwa. Walakini siku hizi kuna waandikaji wa namna ya tatu. Wanaandika kwa intaneti, kila mmoja katika ukurasa wake mwenyewe uitwao blogu, mara nyingi bila mkubwa wala mshahara, na maneno yao yanafika pote kwa dakika moja. Je, tuwaweke upande wa gazeti ao upande wa radio trottoir? Tusijibu mbio. Tutazame kwanza mambo yaliyotokea Marekani katika mwaka wa 2004.

Tarehe 8 Septemba mwaka ule, karibu majuma manane mbele ya uchaguzi wa Prezidenti, televizyo ya CBS ilionyesha barua kadhaa. Zilisemwa kuwa za koloneli Jerry Killian, aliyekufa mwaka wa 1984, nazo zilikuwa na tarehe za 1972 na 1973. Ndani yake koloneli alimlaumu luteni mmoja wa kikosi cha ndege cha akiba huko Texas, kwamba hakutii amri ya kupimwa na mganga. Luteni yule ni George W. Bush, ambaye sasa alikuwa Prezidenti na alitaka kuchaguliwa mara ya pili. Aliyezisoma mbele ya watu ni Dan Rather, mtu wa heshima kubwa katika kazi hiyo. Nani angewaza mabaya?

Usiku uleule watu wasio na jina kubwa walianza kuzitazama herufi zenyewe. Mashini za kuandikia za zamani, karibu zote, zilipa kila herufi nafasi sawasawa: i nyembamba ilipata upana wa m. Katika barua hizi kila herufi ilikuwa na upana wake, na pahali fulani «th» ndogo ilipandishwa juu ya mstari, ginsi ordinatere za leo zinavyofanya zenyewe. Mwenye blogu mmoja, Charles Johnson, aliandika upya barua moja kwa ordinatere yake, akailaza juu ya ile ya CBS. Mistari ikalingana.

Waseminari wataitambua njia hii. Katika mwaka wa 1440 Lorenzo Valla aliichukua ile hati ya Kilatini iliyosema kwamba Kaisari Konstantino alimpa Papa Silvestri utawala wa Roma na wa nchi za magharibi. Hakuuliza nani anaishika wala imeheshimiwa miaka mingapi. Aliuliza: maneno haya, Waroma wa wakati wa Konstantino waliyatumia? Akaona humo maneno ambayo hawakuyatumia vile. Leo wenye elimu wanakubali kwamba hati ile ni ya uongo, iliyotungwa miaka mia nne hivi baada ya Konstantino. Tena tusisahau kwamba Valla alikuwa mtumishi wa mfalme Alfonso, aliyegombana na Papa Eugenio IV. Alikuwa na upande wake. Vivyo hivyo wengi wa wenye blogu wale walikuwa upande wa Bush. Upande wa mtu unatuonya tupime vizuri. Haugeuzi upana wa herufi.

Basi tuwasadiki wenye blogu? Hapana, si hivi hivi. Mwezi wa Aprili 2013, baada ya mabomu ya Boston, watu wengi kwenye intaneti walilinganisha picha, wakatangaza jina la kijana asiye na kosa. Jamaa zake, waliokuwa wakimtafuta kwa kuwa alipotea, wakapelekewa matusi. Kwa barua za Texas kila mtu aliweza kurudia jaribio nyumbani mwake na kuona kama ni kweli. Huko Boston kulikuwa na macho tu, na hasira, na haraka.

Haraka ndiyo iliyoiangusha CBS vilevile. Ilikuwa na nakala tu. Askari mstaafu aliyezitoa alisema kwamba zile za asili alizichoma moto. Baadaye aliungama kwamba aliidanganya CBS juu ya mtu aliyempa. Mbele ya kutangaza habari, wajuzi wawili wa maandiko walioulizwa na CBS yenyewe walikuwa wameonyesha mashaka. Hata hivyo ilishikilia neno lake siku kumi na mbili, mpaka tarehe 20 Septemba.

Hapa kuna fundo la kweli kwa wanaosoma maadili. Mwanamke mzee, aliyekuwa zamani sekretere wa Killian, alisema: barua hizi sikuziandika mimi, lakini mambo yaliyomo yanafanana na mawazo ya mkubwa wangu. Tena ni hakika kwamba katika mwaka wa 1972 Bush hakupimwa, akakatazwa kuendesha ndege. Basi watu fulani walisema: karatasi ni ya uongo, jambo ni la kweli, kosa liko wapi? Sisi hatukubali. Msomaji hakuonyeshwa jambo, alionyeshwa karatasi, na kwa karatasi ile aliombwa kusadiki. Tena tazameni matunda yake: toka siku ile karibu watu wote walibishana juu ya herufi tu, na ulizo lenyewe, luteni yule alifanya nini, likazikwa pamoja na karatasi.

Katika Januari 2005 watu wawili waliopewa kazi ya kuchunguza walitoa taarifa yao. Mtengenezaji wa kipindi akafukuzwa, wakubwa watatu wakaombwa kuacha kazi. Naye Rather aliacha kiti chake cha habari za jioni tarehe 9 Machi. Wachunguzi wale hawakuthubutu kusema kwa hakika yote kwamba barua ni za uongo. Kosa walilolitaja ni jingine: CBS ilisema imezihakikisha, kumbe haikuzihakikisha.