Faili la GB 6: Bando, Kafe au Fundi?

Faili la kusakinishia Ubuntu 24.04 lina takriban GB 6, na la Windows 11 linazidi GB 5. Yote mawili yanapatikana bure kwenye tovuti za wenyewe. Lakini pakua hilo la GB 6 kwa mtandao wa simu, likatike kwenye asilimia 80 na kuanza upya: karibu GB 5 zimeungua na mkononi huna kitu. Likikatika mara mbili, utakuwa umetumia GB 16 hivi kupata faili moja. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya bando, uliza kama njia unayotumia huendelea pale ilipoishia.

Bando la usiku kwa kawaida ndilo rahisi kwa kila GB, na mtandao huwa haujabanwa. Tatizo ni muda wake. Kwa kasi ya megabiti 4 kwa sekunde, GB 6 zinahitaji saa 3 na dakika 20, tena bila kukatika. Pima kasi yako kwanza, ndipo ununue.

Kivinjari kina kitufe cha kuendelea, ila hakitegemeki. Seva ikikataa au kiungo kikiisha muda, unarudi sifuri. Kiungo cha Windows kutoka Microsoft hudumu saa 24 tu. Programu ya kupakulia, kama Free Download Manager, ni ya bure na hung'ang'ana vizuri zaidi. Programu nyingine, IDM, ni ya kulipia baada ya siku 30 za majaribio, na kwa mtu anayepakua faili kubwa mara moja kwa mwaka sioni sababu ya kuinunua.

Kwa Ubuntu na Debian, torenti ndiyo mshindi. Wenyewe wanaitoa rasmi, faili huja vipande vipande, na kila kipande hukaguliwa. Kilichoharibika hupakuliwa hicho tu. Gharama yake iliyojificha ni kwamba nawe unawapakilia wengine, na hiyo nayo inakula bando. Punguza kasi ya kupakia, lakini usiandike 0: kwenye programu ya torenti ya qBittorrent, 0 maana yake ni bila kikomo. Andika 5, na faili likikamilika, zima torenti hiyo.

Intaneti kafe inafaa ikiwa ina faiba na mhudumu anakuruhusu kuacha mashine ikifanya kazi. Angalia flashi yako kabla hujatoka nyumbani. Ikiwa mfumo wake wa faili ni FAT32 haitapokea faili moja linalofika GB 4, hata kama ni ya GB 64. Ifomati iwe exFAT, ila toa vitu vyako kwanza, maana vitafutika.

Fundi atakunakilia kutoka diski yake kwa dakika chache, bila bando hata kidogo. Tatizo ni hujui faili limetoka wapi. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Utapata herufi na tarakimu 64. Zilinganishe na zile za tovuti rasmi. Ukaguzi huo hautumii bando, isipokuwa kidogo la kufungua tovuti hiyo. Hata moja ikitofautiana, faili hilo si lile, na usimlipe.