Madoa ya Mirihi, mistari ya Geita

Septemba 10, 2025, NASA ilitangaza kwamba jiwe lililochorongwa na roboti Perseverance katika kreta ya Jezero, kwenye sayari ya Mirihi, lina madoa ambayo huenda yaliachwa na vijidudu vya kale. Mimi nayaita dalili-uhai, si ushahidi, kwa kuwa dalili bado hupimwa.

Madoa hayo, ambayo wanasayansi huyaita ya chui, ni ya milimita chache. Kingo zake nyeusi zina vivianaiti, yaani chuma na fosfati. Katikati kuna greigaiti, chuma na salfa. Utamu wote uko hapo. Kiumbe akila huvuna elektroni, na lazima apate wa kuzipokea. Ni kama mchukuzi wa sokoni: asipopata wa kumpokea gunia, hawezi kubeba jingine, na bila jingine hana ujira. Mpokeaji wetu sisi ni oksijeni. Vijidudu vya kwenye tope lisilo na hewa hutua gunia lao kwa kutu. Kutu ikipokea, wekundu hutoweka, chuma huyeyuka majini, kikikutana na fosfati kinakuwa vivianaiti. Gunia jingine hupokewa na salfati. Hiyo hugeuka salfaidi, ikashikana na chuma, na greigaiti ikapatikana. Kemia isiyo na uhai nayo huweza kufanya hivyo, hasa penye joto kali, ila jiwe hili halionyeshi kuchomwa.

Katika miamba ya Geita, Tanzania, mzigo huo wa elektroni ulikwenda kinyume. Zaidi ya miaka bilioni 2.6 iliyopita, chuma kilichoyeyuka baharini kilipokonywa elektroni, kikawa kutu, kikazama tabaka kwa tabaka, kikipishana na silika. Wanajiolojia wengi wanaona mkono wa vijidudu katika miamba ya namna hiyo. Baadaye maji ya moto yakapita yamebeba dhahabu kwa msaada wa salfa. Salfa ilipokiona chuma ilikishika, ikawa pairaiti. Dhahabu ikakosa wa kuibeba, ikabaki papo hapo. Ndiyo inayochimbwa Nyankanga, mgodini Geita.

Kipande kilichochorongwa Mirihi, kiitwacho Sapphire Canyon, bado kimefungwa ndani ya mrija hukohuko. Mwamba wa Geita uko hapa, na mistari yake huonekana kwa macho matupu. Natamani kila sekondari ya Geita na Shinyanga iwe na kipande chake mezani, wanafunzi wakishike, wakipitishie sumaku, waone inavyonata.