Kanieneo katika Usukani: Mipira ya Mafuta Injini Inapobadilishwa

Gari litokalo Mbinga kwenda Mbamba Bay huteremka kutoka Milima ya Matengo, ambayo sehemu zake kadhaa hupita meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, mpaka ufuko wa Ziwa Nyasa ulio kwenye meta 470 hivi. Lami iliyowekwa katika njia hiyo ya kilometa 66 imepunguza tope na vumbi, lakini haijaondoa kona wala mteremko. Katika kila kona, mikono ya dereva wa gari lenye usukani wa pawa husaidiwa na mafuta yapitayo katika mipira miwili, ambayo kwa kawaida haizidi unene wa kidole gumba.

Katika nyua za nyumbani na gereji ndogo za Tanzania si ajabu kuona Land Rover kuukuu ikitiwa injini ya dizeli ya Toyota au ya Nissan. Fundi hushughulikia kwanza vishikizo vya injini, giaboksi, radieta na nyaya za umeme. Mipira ya usukani huachwa mpaka mwisho. Hapo ndipo hugundulika kwamba pampu ya injini mpya iko upande mwingine, nati zake zina meno ya kipimo kingine, na mpira wa zamani haufiki. Wengine huukata mpira huo, wakaunga kipande cha mpira mwingine kwa klipu mbili, na safari ikaanza. Kwa nini kiungo cha namna hiyo ni cha hatari? Jibu limo katika somo la fizikia.

Kanuni ya Pascal

Katika karne ya 17, Mfaransa Blaise Pascal alieleza kwamba kanieneo inayotiwa katika kiowevu kilichofungiwa huenea pande zote bila kupungua. Francis W. Davis, mhandisi wa Marekani, aliitumia kanuni hiyo kubuni usukani wa pawa katika miaka ya 1920, na mwaka 1951 kampuni ya Chrysler iliutia katika magari ya Imperial yaliyouzwa kwa umma.

Pampu huzungushwa na injini kwa mkanda. Huvuta mafuta kutoka katika kopo lake na kuyasukuma kupitia mpira wa kwanza mpaka kwenye vali ya usukani. Dereva anapogeuza usukani, vali huyaelekeza mafuta upande mmoja wa pistoni, nayo pistoni husaidia kusukuma magurudumu. Mafuta yaliyokwisha kufanya kazi hurudi katika kopo kupitia mpira wa pili.

Mipira miwili, kani mbili

Mipira hiyo hufanana kwa macho, lakini kani zilizomo ni mbali kabisa. Tuchukue mfano wa pampu inayofikisha kanieneo ya megapaskali 8, yaani nyutoni 800 kwa kila sentimeta mraba. Mpira wenye kipenyo cha ndani cha milimeta 10 una eneo la sentimeta mraba 0.785. Basi kani inayojaribu kuuchomoa mpira huo mahali pake ni:

800 × 0.785 = nyutoni 628

Hiyo ni sawa na uzito wa mtu wa kilo 64 anayening'inia katika kiungo hicho. Katika mpira wa kurudishia, kanieneo ikiwa megapaskali 0.2, kani ni nyutoni 15.7 tu, sawa na uzito wa kilo moja na nusu hivi. Ndiyo sababu klipu ya kawaida yatosha katika mpira wa kurudishia, lakini haifai kamwe katika mpira wa kwanza. Huo hauna budi kuwa mpira wa haidroliki wenye nyuzi za kuimarisha ndani yake, na vichwa vyake vibanwe kwa mashine. Ikiwa mashine haipo karibu, afadhali gari lingoje mpira utengenezwe mjini.

Mpira wa kurudishia nao una masharti yake. Mpira wa maji ya radieta haufai, kwa kuwa huvimba na kulainika ukikutana na mafuta ya madini. Hali kadhalika, mafuta ya breki yasitiwe katika kopo la usukani, kwani huharibu sili za pampu.

Kufunga na kutoa hewa

Injini hutikisika inapofanya kazi, lakini chasisi haitikisiki nayo. Kwa hiyo mpira usikazwe kama uzi wa zeze. Upewe ulegevu kidogo, usipindwe kwa nguvu, wala usisugue chuma. Aidha, uwekwe mbali na egzosi, maana mafuta yakirukia chuma chenye moto mkali huweza kuwaka.

Baada ya kujaza mafuta, magurudumu ya mbele huinuliwa na gari kukingwa kwa vizuizi imara. Injini ikiwa imezimwa, usukani huzungushwa polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, mara kumi au zaidi, huku mafuta yakiongezwa. Kisha injini huwashwa na zoezi kurudiwa, bila kuushikilia usukani mwisho wa mzunguko kwa zaidi ya sekunde chache. Mafuta yenye povu jeupe ni dalili kwamba hewa ingali imo.

Mvujo usitafutwe kwa kidole. Mafuta yatokayo katika tundu dogo kwa kanieneo kubwa huweza kupenya ngozi. Kipande cha boksi kitumike badala yake. Na mtu aliyepenywa apelekwe hospitali mara moja, hata kama jeraha ni dogo kama la sindano.

Jaribio la darasani

Mabomba mawili ya sindano yasiyo na sindano, moja la mililita 5 na jingine la mililita 20, yaunganishwe kwa mpira mwembamba uliojaa maji. Mwanafunzi mmoja asukume bomba dogo, mwenzake azuie lile kubwa. Wa pili atashindwa upesi. Kisha watie kiputo cha hewa na kurudia. Wataona kwamba sehemu ya msukumo hupotea katika kuibana hewa kabla bomba kubwa halijasogea.

Mpira wa usukani ukipasuka, magurudumu bado hufuata usukani, lakini huwa mzito ghafla, pengine katikati ya kona. Hali huwa hiyo hiyo dereva anapozima injini mteremkoni ili kuokoa mafuta, kwa kuwa pampu husimama, na msaada wa breki nao hupungua. Kwa hiyo gari lililobadilishwa injini lijaribiwe kwanza mahali tambarare, likaguliwe chini kama lina tone lolote, ndipo lielekezwe kwenye mteremko wa ziwani.